Kutoka kutojua kuogelea mpaka traiathloni ndefu: maswali ninayoulizwa sana kuhusu mwili na afya

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Dar, na asubuhi kabla ya kazi huwa napiga tizi la kuogelea, baiskeli na kukimbia na wenzangu kadhaa (hiyo mitatu ukiifanya mfululizo kwenye shindano moja ndo traiathloni). Kila mwaka watu wananiletea maswali yaleyale, na wengi wanakuja wakiwa wameshaumia tayari, huyu goti, yule kisigino, mwingine mgongo, ndo maana nimeona niyaandike majibu sehemu moja. Haya ni ya watu wanaoanza, wenye kazi na familia, siyo wanamichezo wa kulipwa.

Swali: Kocha, hiyo traiathloni ndefu ni umbali gani hasa?

Unaogelea kilomita 3.8, ukitoka majini unapanda baiskeli kilomita 180, ukishuka unakimbia marathoni nzima ya 42.2, siku hiyohiyo, na kawaida una masaa 17 tu ya kumaliza. Ilianzia kisiwa cha Oahu kule Hawaii Februari 1978, walianza watu 15 wakamaliza 12. Chini yake kuna nusu yake (1.9, 90 na 21.1), chini tena kuna ya Olimpiki (1.5, 40 na 10), na ya chini kabisa ambayo mtu anaanza nayo wanaiita sprinti, mita 750 majini, kilomita 20 baiskeli, kilomita 5 kukimbia.

Swali: Mi nakimbia vizuri tu, nimeshamaliza Kilimanjaro Marathon mara mbili. Siwezi kuziruka hizo ndogo nikaingia ndefu mwakani?

Ndugu yangu hili nitalijibu kwa urefu maana hapa ndo watu wanapoumia. Mwili hauzoei mazoezi wote kwa pamoja. Moyo na mapafu vinazoea haraka, ndani ya wiki sita mpaka nane unaona kabisa pumzi imefunguka, misuli nayo inafuata, lakini kano na mifupa ni miezi, kwa sababu kano zinapata damu kidogo na mfupa ukishtuliwa na mazoezi unabomoa kwanza kisha ndo unajenga. Kwa hiyo kuna kipindi pumzi inakwambia ongeza, miguu inakwambia ongeza, na mfupa wa muundi bado uko kwenye kubomoa, hapo ndo mtu anapata ufa kwenye mfupa anakaa benchi wiki nane na mbio ameshalipia. Nimewaona wengi mno, na karibu wote walikuwa watu wenye bidii, siyo wavivu.

Mpango ninaowapa watu ni wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza jifunze kuogelea, fanya sprinti moja au mbili, ukijisikia vizuri malizia na ya Olimpiki, mazoezi masaa manne mpaka saba kwa wiki yanatosha. Mwaka wa pili nenda nusu, hapo unafika masaa nane mpaka kumi. Mwaka wa tatu ndo ndefu, na miezi ile ya mwisho kuna wiki zitafika masaa 12 au zaidi, kwa hiyo kaa na mwenzi wako na watoto muongee kabla hujajiandikisha. Wewe mkimbiaji unaweza kubana ikawa miaka miwili, lakini siyo kwa sababu una pumzi, ni kwa sababu mifupa yako imeshapigwa na barabara miaka kadhaa. Majini bado ni mwanafunzi kama wengine.

Na ndani ya kila mwezi wiki tatu panda kidogokidogo, ya nne punguza karibu theluthi. Mazoezi mengi yawe ya taratibu, yaani unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Watu hawapendi hili, wanaona kama wanapoteza muda, lakini ukikimbia kila siku kama unafukuzwa, ukifikisha miezi mitatu utakuja kwangu kliniki.

Swali: Sijui kuogelea kabisa na nina miaka 38. Nimechelewa?

Hujachelewa dada yangu. Ila tafuta mwalimu na bwawa, usijifunze kwa kuangalia video peke yako, na tenga miezi sita ya maji peke yake mara tatu kwa wiki hata kama ni nusu saa nusu saa. Kitu cha kwanza siyo mikono wala miguu, ni kutoa pumzi ukiwa uso uko ndani ya maji. Wengi tunazuia pumzi, tukigeuza kichwa tunataka kutoa na kuvuta kwa pamoja, haiwezekani, hewa chafu inajaa kifuani na mwili unadhani unazama, ndo hofu inaanza. Toa mapovu taratibu muda wote uso ukiwa chini, ukigeuka kazi inabaki kuvuta tu. Hili peke yake limewatoa watu kwenye mita 25 likawapeleka mita 400 bila kuongeza nguvu yoyote.

Ukitoka bwawani kwenda baharini ni shule nyingine. Angalia ratiba ya maji kujaa na kupwa, siku za bamvua mkondo unakuwa mkali na maji yakipwa yanaweza kukuvuta nje hasa karibu na milango ya maji, ogelea sambamba na ufukwe, usiogelee peke yako hata siku moja, na vaa boya la rangi kali la kufunga kiunoni ili mashua zikuone. Waulize wavuvi wa pale, wanayajua yale maji kuliko sisi.

Swali: Sisi tuko Mwanza, bahari hatuna. Ziwani kuna shida?

Shida kubwa ni kichocho, na naomba msiidharau. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa maji vinapenya ngozi ya mtu hata kama hana kidonda, na vinapatikana zaidi pembeni kwenye maji yaliyotulia na majani, kwa hiyo kuingia kwa boti mpaka kwenye kina inapunguza hatari lakini haiiondoi. Kama unaogelea Ziwa Victoria mara kwa mara, iwe Mwanza, Kisumu au Entebbe, chukulia kwamba umeshakutana navyo, pima choo na mkojo na mwambie daktari wazi kwamba unaogelea ziwani. Dawa ni prazikwanteli, inatibu vizuri, ila haiui vizuri minyoo ambayo bado michanga, ndo maana ukipima au kunywa dawa wiki ileile uliyoogelea unaweza kudanganyika kwamba umemaliza. Mkojo wenye damu, tumbo kuuma, uchovu usioisha ambao wewe unadhani ni mazoezi mengi, nenda kapime. Ukiweza fanya mazoezi mengi bwawani, ziwani nenda kwa ajili ya kuzoea tu.

Swali: Mzee wetu ana miaka 52, ana presha anayotumia dawa, na yeye anataka. Tumkatalie?

Msimkatalie, mpelekeni akapimwe moyo kwanza. Kwenye traiathloni vifo ni vichache sana ukilinganisha na watu wanaoshiriki, lakini vikitokea vingi vinatokea majini, na zaidi ni wanaume wa miaka 40 kwenda juu, wengi wakiwa na ugonjwa wa moyo ambao hawakujua wanao. Maji ya baridi, msongamano wa watu, hofu, moyo unapanda ghafla. Kwa hiyo apime presha, sukari, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na daktari akiona inafaa kipimo cha moyo huku anatembea kwenye mashine. Amwambie daktari anataka kufanya nini hasa maana kuna dawa za presha zinazozuia mapigo kupanda na nyingine zinaongeza mkojo, huenda akabadilishiwa.

Na siku ya mbio akijisikia vibaya majini ageuke alale chali, ainue mkono, ashike mtumbwi wa waokoaji. Kushika hakumtoi mashindanoni mradi asivutwe mbele. Akikohoa mapovu au kifua kikibana atoke, siyo siku ya ushujaa.

Hapo hapo niongeze la selimundu. Huku kwetu watu wengi wanabeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuumwa na hawajui. Hakikukatazi michezo, lakini ukijisukuma ghafla kwenye joto kali, maji yamepungua mwilini, au ukiwa mwinuko mkubwa, misuli inaweza kuharibika vibaya. Kipimo ni cha damu tu. Mwaka 2022 kwa mfano Rwanda waliandaa traiathloni ya nusu pale Rubavu, Ziwa Kivu, ambapo ni mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, sasa mtu wa Dar au Mombasa akienda anakutana na hewa nyepesi, apunguze kasi aliyoizoea pwani.

Swali: Nile nini kwenye baiskeli? Hizo jeli za dukani za kuongeza nguvu bei zake siziwezi.

Huzihitaji. Mazoezi ya chini ya saa moja na nusu maji yanatosha. Zaidi ya masaa mawili na nusu hivi lenga gramu 60 za wanga kwa saa, na waliozoea wanafika 90. Ndizi mbivu moja ya wastani ni kama gramu 25, tende tano za kawaida zinakaribia 30, kijiko cha chakula cha sukari ni kama 12. Chupa yangu mimi ni vijiko vinne vya sukari, limao, na chumvi robo kijiko cha chai kwenye maji ya nusu lita hivi na kidogo, nashushia na ndizi au viazi vitamu vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi. Ila tumbo nalo linafundishwa kama miguu, anza na gramu 30 kwa saa wiki za mwanzo upande taratibu, na usijaribu chakula kipya siku ya mbio. Usiku kabla ya zoezi refu wali au ugali, punguza maharage.

Swali: Kunywa maji mengi iwezekanavyo si ndo salama?

Hapana, na hili ni hatari kweli. Ukinywa maji matupu kuliko jasho unalotoa, chumvi kwenye damu inashuka, ubongo unavimba, unaweza kufa. Boston Marathon ya 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488, asilimia 13 chumvi ilikuwa chini ya kawaida, na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wale walioongezeka uzito wakati wa mbio, yaani walikunywa kupita walichotoa. Dalili zake ni vidole kuvimba pete inabana, kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, na mtu anaweza kudhani ni kukosa maji akakuongezea mengine. Kunywa kwa kiu. Jipime uzito kabla na baada ya zoezi la saa moja, kilo uliyopungua ni kama lita moja ya jasho, ujue mwili wako, usiige wa mwenzio.

Joto nalo, pwani unyevu ukiwa mwingi jasho halikauki, linadondoka tu na halikupozi. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka na mwili unawaka, mpozeni palepale kwa maji mengi, barafu, kivuli, feni, vyovyote, huku gari inatafutwa. Mkimweka tu kwenye gari mkaanza kupambana na foleni mtakuwa mmechelewa.

Swali: Nimetoka kuugua malaria, mbio ni baada ya wiki tatu. Nirudi lini?

Maliza dawa, homa iwe imeisha kabisa siku kadhaa, uwe unakula vizuri, ndo uanze kwa kutembea na kuogelea kidogo. Malaria inapunguza damu na inaweza kuvimbisha bandama, sasa ukianguka na baiskeli ukajipiga ubavu wa kushoto bandama iliyovimba inaweza kupasuka. Wiki tatu kwa maoni yangu ahirisha. Kwa homa yoyote ile usifanye mazoezi.

Swali: Goti likiuma nikinywa diklofenaki asubuhi ya mbio kuna ubaya?

Ubaya upo. Diklofenaki na ibuprofeni, hizi dawa za maumivu, zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo, na wewe siku hiyo utakuwa umepungukiwa maji masaa mengi, figo zinaweza kufeli. Tena zinaongeza hatari ya ile chumvi kushuka. Goti linalohitaji dawa ili lianze mbio lilitakiwa lionwe mwezi uliopita.

Swali: Baiskeli inanitia ganzi sehemu za siri, naona aibu kuuliza.

Usione aibu, inawapata wanaume na wanawake. Mara nyingi siti iko juu mno au pua yake imeinuka. Ishushe kidogo, ilaze sawa, simama kwenye pedali kila dakika kumi. Ganzi ikibaki baada ya kushuka, acha baiskeli uende hospitali. Na jamani helmeti na taa, bodaboda hakuoni alfajiri.

Swali: Nafunga Ramadhani, mpango wote si unaharibika?

Hauharibiki. Mwezi huo fanya ya taratibu, dakika 40 karibu na kufuturu au baada ya tarawehe, marefu yaache. Pumzi haipotei mwezi mmoja, na kano zako zitakushukuru.

Swali: Dada, tangu niongeze mazoezi sijapata hedhi miezi mitatu, na mjamzito siyo. Wenzangu wanasema ndo dalili niko fiti.

Wanakosea mdogo wangu. Hiyo ni dalili kwamba unachokula hakitoshi kwa unachofanya, mwili umezima uzazi ili ubane matumizi, na homoni zikishuka mifupa inapungua uzito wake ukiwa na miaka ishirini na kitu. Punguza mazoezi nusu kuanzia wiki hii, kula mara tano kwa siku hata kama huna njaa, uji wa ulezi wenye maziwa na karanga kabla hujatoka asubuhi, na uende kwa daktari wa wanawake akupime damu na homoni. Mambo ya kilomita 180 tutayaongea hedhi ikirudi.