Umetaboli wa seli hai: wanavyodhani wengi na ukweli wa maabara

Mwanafunzi wa sayansi wa Tabora anayetamani uprofesa wa baiokemia husikia mengi kabla hajashika pipeti. Baadhi humpotosha vibaya.

“Profesa wa baiokemia ni daktari wa hospitali.” Hatibu mtu. Hufundisha, husimamia tafiti, huandika maombi ya fedha na kuchapisha makala. Wala shahada ya uzamivu haimfanyi mtu profesa: mbele yake kuna uhadhiri, uhadhiri mwandamizi na uprofesa mshiriki.

“Umetaboli ni kukariri mizunguko.” Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemia yanayoendesha uhai wa seli, na kosa hili ndilo kubwa kuliko yote. Hans Krebs alieleza mzunguko wa asidi sitriki mwaka 1937, na mchoro wake umo vitabuni. Swali la leo ni kasi. Mwili wa mtu mzima huwa na gramu 50 hadi 100 hivi za ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kwa wakati mmoja, lakini kwa siku huitumia na kuiunda upya kwa kiasi kinachokaribia uzito wa mtu mwenyewe. Kupima kilichomo tu ni kuhesabu abiria waliokaa stesheni ya Tabora saa sita mchana, halafu kudai unajua wangapi wamekwenda Kigoma na wangapi Mwanza.

Ndiyo maana seli hulishwa glukosi yenye kaboni-13 (kaboni nzito kidogo, inayoweza kufuatiliwa), kisha hupimwa atomi hizo zimefika wapi, na baada ya dakika ngapi. Majibu hupatikana kwa kutatua milinganyo mingi kwa pamoja. Wewe wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), usiidharau BAM, yaani hisabati tumizi.

Wengi huharibu kazi kwenye kuzisimamisha seli, yaani kusitisha umetaboli wake ghafla kabla ya kupima. Mwaga lishe (kimiminika cha kuoteshea seli), mimina papo hapo methanoli iliyopozwa hadi nyuzi -80, weka sahani juu ya barafu kavu. Ukianza kuziosha taratibu kwa maji ya chumvi vuguvugu, au kuzibandua kwa kimeng'enya cha tripsini, ATP hushuka na AMP (ATP iliyopoteza fosfeti mbili) hupanda mikononi mwako. Jikague hivi: chukua ATP, ongeza nusu ya ADP (iliyopoteza fosfeti moja), gawa kwa jumla ya ATP, ADP na AMP. Seli nzima hutoa 0.8 hadi 0.95. Ukipata 0.6, shuku mikono yako kabla ya kutangaza ugunduzi.

“Asilimia 5 ya kaboni dioksidi ndani ya inkubeta, kabati la kuoteshea seli, ni ileile popote.” Maelekezo mengi ya kuotesha seli huchukulia shinikizo la hewa la usawa wa bahari. Tabora iko mita 1,200 hivi juu yake, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 87 ya lile la pwani. Asilimia 5 ya hapa hubeba gesi pungufu, na pH ya lishe yenye bikaboneti hupanda kwa takribani 0.06. Ni kidogo, ila kasi ya kuvunja glukosi huitikia pH. Ongeza hadi karibu asilimia 5.8, isipokuwa kama kitambuzi cha inkubeta kimesawazishwa kwa shinikizo la mahali.

“Laktati, inayotokana na kuvunjwa kwa glukosi, ni taka, ndiyo inayouma misuli.” Mwendesha baiskeli aliyebeba madebe ya asali akiumwa kesho yake, chanzo ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo, laktati yake ilisharudi kawaida ndani ya saa moja au mbili. Moyo huichoma kama nishati, na ini huigeuza tena kuwa glukosi. Carl na Gerty Cori walieleza mzunguko huo.

“Bila mashine za mamilioni huwezi kuanza.” Hamira ni seli hai. Chukua chupa tatu. Ya kwanza itie kijiko cha chai cha hamira, vijiko viwili vya asali na mililita 200 za maji ya nyuzi 35 hadi 40. Ya pili iwe vivyo hivyo, ila chemsha hamira kwanza. Ya tatu weka hamira ndani ya asali tupu. Vika puto kila mdomo, subiri saa moja. La kwanza litavimba. La pili litalala, kwa kuwa joto limeharibu vimeng'enya. La tatu nalo litalala: asali nzito, yenye maji chini ya asilimia 20, hunyonya maji kutoka ndani ya seli. Likivimba, jiulize kama asali hiyo haikuongezwa maji.