Mikono ya kapteni Mreno: nimesuka riboni kama ukili

Tokea niweke kwenye status ile picha ya mikono ya nguo niliyoishona watu hawajaniacha, kila mtu anauliza ile mikono umeagiza Dubai au ni kitambaa kimekuja kimeshafumwa hivo. Hapana jamani. Ni riboni za dukani, zile zile za kupambia viti vya harusi, na kazi ya mkono tu. Ila kabla ya kutoka vile ilishaniharibikia mara mbili, kwa hiyo leo naeleza yote pamoja na pale nilipokosea, maana ukinifuata bila ya kujua nilipokosea na wewe utakosea hapo hapo.

Ilianza hivi. Kuna mwalimu wa skuli hapa mtaani kwetu ana vijana wake wanacheza igizo la Wareno. Vasco da Gama kupita Unguja 1499 akirudi kutoka India, baadae wenzake kuja kudai kodi, mpaka Waomani wanawatoa Fort Jesus mwaka 1698. Akaja kwangu na simu mkononi, "Fundi, nataka kapteni wangu awe kapteni kweli, nisije nikamvisha shati la lesi watu wakanicheka." Mie kazi yangu makanzu, madera na nguo za harusi, lakini mavazi ya zamani ndo ugonjwa wangu na yeye anajua.

Picha aliyokuja nayo ilikuwa ya mwanamke, Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala wa Florence, iliyochorwa na mchoraji Bronzino kwenye mwaka 1545, ipo makumbusho ya Uffizi kule Florence, Italia. Itazameni khasa mabegani. Kavaa kimia cha nyuzi za dhahabu na kila fundo lina lulu, halafu mikono ya gauni imepasuliwa pasuliwa na kitambaa cheupe cha ndani kinachungulia kwenye mipasuo. Na wanaume wa zama hizo nao walikuwa wanavaa hivo, tena wao kupita kiasi. Mkono wa nguo wakati mwengine haukuwa kitambaa kizima, ni vipande virefu vimepangwa kutoka begani mpaka kwenye kiganja, huku na huku vimeshikizwa, na katikati shati jeupe linavutwa nje linatuna kama andazi.

Jengine ambalo mtu wa leo halijui, ile mikono ilikuwa mbali na nguo yenyewe. Unavaa kizibao chako, halafu mikono unaifunga begani kwa kamba, kamba zenye ncha za chuma ili zipite kwenye matundu. Akili hiyo. Shati la ndani la kitani ndo linalofuliwa, ya juu yenye dhahabu na hariri haiguswi maji. Na ukitaka kubadilisha mikono unabadilisha, gauni lile lile. Mie nilivyosoma hivo nikasema basi wallahi hawa mafundi walikuwa wanajua joto la mwili ni nini, japo kwao baridi.

Haya, nikaanza. Na nikaanza kwa kiburi.

Njia ya kawaida ya kufuma riboni wengi mnaijua. Unatandika kile kitambaa chenye gundi upande mmoja, gundi juu, kwenye ubao uliovishwa blanketi, unapanga riboni za wima zimebanana unazichoma pini kwa juu, halafu unapitisha za mlalo juu chini juu chini kwa pini ya kufungia, ukimaliza unapiga pasi gundi inashika, unakata mkono kama unavyokata kitambaa chochote. Nikafanya hivo. Ikatoka nzuri kweli, kama ubao wa drafti, damu ya mzee na dhahabu. Kwanza pasi yenyewe ilinitia adabu, maana riboni za satini siku hizi nyingi ni poliesta na mie niliiweka kwenye moto wa pamba, pembe moja ikajikunja kama plastiki iliyoanguka jikoni. Hiyo nikaificha kwapani. Nikaushona, nikamwita kijana aje kupima.

Akavaa. Kasimama vizuri. Mwalimu akamwambia nyanyua upanga. Kijana akanyanyua, mkono haukunji kiwiko, umekaa kama umetiwa plasta hospitali, akalazimisha, nikasikia trrraaa kwapani. Wote tukanyamaza. Kijana mwenyewe akasema, "Fundi, samahani," kama yeye ndo mwenye makosa, maskini.

Kosa lilikuwa wazi ila mie sikuliona kwa sababu ya uzuri. Riboni ikisimama wima na nyengine imelala, mkono unapokunjwa hazina pa kukimbilia, riboni haivutiki hata kidogo si kama jezi. Ukiongeza na gundi ndo umeshatengeneza bomba. Kwa mfuko wa mkononi, kwa foronya ya mto, njia ile safi kabisa. Kwa mkono wa mtu anaepigana kwenye jukwaa hapana.

Sasa siku ile pini zilinimwagika kwenye mkeka. Nimepiga magoti naokota moja moja, jicho liko karibu na mkeka kuliko siku zote, nikauona ukili, ule utepe wa miyaa iliyosukwa unaoshonwa ukawa mkeka. Mkeka huu ni wa Bibi yangu, kausuka kwetu Pemba kabla mie sijaolewa. Na ukili unajua ulivyo, miyaa haiendi wima wala mlalo, inakwenda hanamu, yaani mshazari, inafika pembeni inajikunja inarudi upande wa pili. Hakuna ncha inayotoka nje. Na ukili mtu anauzungusha anaufanya duara, anaukunja, anauning'iniza ukutani kama kamba, haukatiki wala haukakamai. Nikakaa chini pale pale na pini mkononi. Nimekaa miaka yote nakata nguo hanamu ili ianguke vizuri mwilini na sijawahi kufikiria kwamba Bibi alikuwa anafanya hanamu kila siku barazani na hata mkasi hana.

Na tena vile vipande virefu vya mikono ya Kireno si ukili ule? Kipande kirefu chembamba, vingi vimepangwa pamoja. Nikaamua kila kipande nakisuka peke yake kwa riboni.

Nilitumia riboni ya sentimita moja, saba kwa kila ukili, tano damu ya mzee na mbili dhahabu. Unazichoma pini juu ya ubao zote saba zimefuatana. Unazigawa nne kushoto tatu kulia. Unachukua ile ya nje kabisa kushoto, inapita juu ya ya kwanza, chini ya ya pili, juu ya ya tatu, inahamia kulia. Sasa kulia ndo kuna nne. Unachukua ya nje kabisa ya kulia nayo juu, chini, juu, inahamia kushoto. Basi hivo hivo mpaka mwisho, hakuna jengine. Mikono ikishazoea unaweza kuangalia tamthilia. Mbili za dhahabu ukiziweka jirani zinatoka kama nyoka anaekwenda huku na huku, ukiziweka mbalimbali zinakutana na kuachana. Mie niliziweka jirani.

Ila hapa kuna mtego mkubwa. Riboni ikifika pembeni inajikunja, maana yake upande wa chini unakuja juu. Riboni rahisi inang'aa upande mmoja tu, wa pili umefifia, kwa hiyo ukisuka inakutokea mabaka mabaka kama nguo iliyopauka. Ulizeni dukani ile inayong'aa pande zote mbili. Bei yake iko juu na pale madukani Mchangani si kila duka linayo, mie nilizunguka asubuhi nzima, lakini bila ya hiyo usianze.

Mtego wa pili ndo ule ulioniharibia mara ya pili. Mkono wa kijana ni sentimita 60 kutoka bega mpaka kiganja, nikakata riboni za sentimita 70 nikaona kumi za akiba zinatosha. Nasuka nasuka, riboni zimeisha na ukili ndo kwanza sentimita 50. Nikapima tena na tena, nikadhani futi imeruka. Kumbe riboni inayokwenda hanamu inatembea njia ndefu, kila sentimita kumi za ukili zinakula kama kumi na nne za riboni. Bibi angelicheka, yeye alikuwa anaunga miyaa mipya humo humo ndani ya ukili wala huoni ilipoungwa. Riboni ukiiunga hivo inaonekana na inateleza.

Kwa hiyo hesabu yangu ikawa hii. Urefu wa mkono mara moja nukta nne, 60 inakuwa 84, ongeza kumi za kushonea, nikakata 95. Ukili wa riboni saba unatoka na upana wa karibu sentimita tano. Kili sita kila mkono, mikono miwili kumi na mbili, riboni 84. Rola moja ya yadi 25 ni kama mita 22.86, inatoa vipande 24 vya sentimita 95 na inabaki chenga tu. Dhahabu nilihitaji 24 kamili. Yaani rola moja, sawasawa, ningekosea mkato mmoja nimekwisha. Damu ya mzee 60, rola tatu na ikabaki ya kufanyia mazoezi, na fanyeni hayo mazoezi kwenye hiyo iliyobaki.

Riboni si ukindu. Ukindu unautia maji unalainika, na ukiukunja unashika mkunjo. Riboni inateleza, ukiachia mkono inafumuka, kwa hiyo kila vidole vinne nachoma pini na mwisho wa ukili napiga bandi haraka kabla sijanyanyuka hata kama mtu anagonga mlango. Maji usiyalete kabisa, tone moja kwenye satini linaweza kuacha alama, na jasho la kiganja vile vile, mie nilikuwa nasuka usiku feni imenielekea na umeme ukikatika naacha. Usivute. Ukivuta ukili unakuwa mwembamba na mrefu, ukiuachia unarudi mpana, basi kili sita zinatoka sita tofauti. Ncha zilizokatwa nazipitisha karibu na moto wa mshumaa, karibu tu si ndani, zinajifunga hazichopoki nyuzi.

Na hiyo tabia ya kuvutika ndo inayokunja kiwiko vizuri lakini ina ubaya wake, ukiuning'iniza ukili siku tatu unarefuka wenyewe kwa uzito. Dawa ni kuushonea mgongoni utepe mwembamba wa pamba ulionyooka, katikati, kwa mkono, mishono mikubwa isiyobana. Cherehani usiitumie hapo, inakanyaga satini inaacha vidoto.

Ndani yake nimetia mkono wa bafta nyeupe, mpana mara mbili ya mkono wa mtu, marinda juu na chini. Kili sita zimekaa juu yake zimeachana sentimita mbili na nusu hivi, zimeshikizwa bega, juu kidogo ya kiwiko, na kwenye kiganja. Halafu ndo raha yenyewe, unaingiza kidole kwenye kila nafasi unaivuta bafta nje kidogo kidogo inatuna. Nilifanya hiyo kazi jioni moja na binti yangu, yeye anavuta mie naangalia kwa mbali, hapa zidisha, hapo rudisha.

Begani sikushona. Matundu manne nimeyazungushia uzi kwa mkono kama vijitobo vya kofia, yanafungwa kwa kamba. Ncha za chuma sina, nimetumia kamba za viatu zenye ile plastiki ngumu mwishoni, kazi ni ile ile. Mjuzi wa nguo za Kizungu atanisahihisha kwamba kusuka kili za riboni hivi hawakufanya wao. Najua. Vipande virefu na bafta ya kutuna ni vyao, ukili ni wa kwetu, na mie sioni haya, neno leso lenyewe si tumelichukua kwa Wareno tukavaa?

Siku ya kupima mara ya pili kijana alinyanyua upanga kwa woga, taratibu, anasikiliza kwapa. Kimya. Akakunja kiwiko, kili zikafunguka kidogo kwa nje na kujibana kwa ndani, bafta ikatokeza zaidi. Akaanza kupigana na hewa pale chumbani mpaka akaangusha kikapu changu cha nyuzi.

Igizo limekwisha, mikono imerudi kwangu ina harufu ya jasho la usiku mmoja. Bafta nimeichomoa nimeifua, kili nimezipunga upepo kivulini tu, jua linapausha hii rangi ya damu ya mzee haraka sana. Nimeziviringisha kwenye bomba la kadibodi la ndani ya vitambaa, sizikunji. Anaetaka kuzishika kwa mkono wake aje baada ya alasiri, na anawe mikono kwanza.