"Historia de un amor": si wimbo wa kuachwa, ni wimbo wa kufiwa

Wengi wanaoupenda wimbo huu wa Kihispania huusikiliza wakidhani ni kilio cha mwanamume aliyeachwa. Mpenzi kaondoka, pengine kapata mwingine, na huku nyuma mtu anaimba majonzi yake. Ukweli ni mzito kuliko hivyo. Carlos Eleta Almarán wa Panama aliutunga mwaka 1955, baada ya shemeji yake kufariki kwa ugonjwa wa polio. Marehemu alikuwa mke wa Fernando, ndugu yake Carlos, na uchungu unaoimbwa ni wa mgane huyo.

Ukishajua hilo, mashairi yenyewe yanafunguka. Mwimbaji anaanza kwa kumwambia mpenzi wake kwamba hayupo tena ubavuni mwake, na kwamba rohoni umebaki upweke mtupu. Kisha anauliza: kama siwezi kukuona tena, kwa nini Mungu alinijalia kukupenda, au ni ili nizidi kuteseka? Swali hilo hulisikii kwa mtu aliyesalitiwa. Ni swali la msibani. Tena ukiufuata wimbo mpaka mwisho, hutakuta lawama hata moja kwa mwanamke. Haambiwi kwamba amevunja ahadi, wala habembelezwi arudi. Anatajwa kama sababu ya kuishi, na penzi lake kama mwanga ulioingia maishani ukazimika. Kwangu mimi, ukimya huo kuhusu kosa ndio unaoupa wimbo nguvu yake yote.

Wapo wanaojua habari ya kifo, ila wanaamini kwamba mtunzi alimlilia mkewe mwenyewe. Sivyo, Eleta aliubeba msiba wa nduguye akauimbia kwa nafsi ya kwanza. Wala hakuwa mtu wa muziki peke yake: alikuwa mfanyabiashara mkubwa, na wapenzi wa ndondi wanamkumbuka kama meneja wa Roberto Durán.

Kuhusu asili yake, utasikia ukiitwa wimbo wa Meksiko, au wa Kifaransa. Meksiko ilitoa filamu yenye jina hilo mwaka 1956, Libertad Lamarque akiwa mhusika mkuu. Wafaransa nao waliupata kwa sauti ya Dalida, na hapo ndipo maana ilipopotea zaidi, kwa sababu maneno ya Kifaransa hayakufuata yale ya Eleta. Yanazungumzia mapenzi ya watu wote, yenye kukumbatiana na kuagana, usiku wa wasiwasi na asubuhi za furaha. Aliyeujua wimbo kwa njia hiyo hawezi kulaumiwa kwa kutoiona maiti ndani yake.

Mwisho kuna dhana kwamba wimbo unaochezeka hauwezi kuwa wa maombolezo. Huu ni bolero, mtindo uliozaliwa Santiago de Cuba mwishoni mwa karne ya 19, na huchezwa taratibu watu wakiwa wameshikana. Bendi za Kongo nazo zilirekodi bolero nyingi miaka ya 1950, kwa hiyo wasikilizaji wa muziki wa dansi wanaijua vizuri huzuni inayokwenda na hatua za miguu.

Anayetaka kuyasikia maneno ya Eleta kwa Kihispania chenyewe anaweza kuanza na Luz Casal wa Hispania, katika albamu yake *La Pasión* ya mwaka 2009.