Maji ya foraji, kabini na daftari la komite: majibu kwa wakaaji wa Lubumbashi

Mama mmoja wa Katuba alikuja kwenye ofisi yetu ya msaada wa sheria na daftari la shule lililojikunja kwa maji. Lilikuwa daftari la foraji (kisima kilichochimbwa kwa mashine) ya avenyu, yaani barabara yao. Alilifungua juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kuniuliza: "Papa, hapa baliandika asema tulilipa. Sasa makuta iko wapi?"

Swali hilo nimelisikia kutoka komuni nyingine za mji pia: Kenya, Ruashi, Kampemba na Annexe. Kila avenyu ina namna yake ya kuliuliza, lakini chanzo ni kilekile. Watu wako tayari kuchanga kwa ajili ya bomba, kabini (kibanda cha transfoma ya umeme) au mfereji. Kinachowachoma roho ni kuchanga bila kuonyeshwa hesabu.

Tukumbuke pia tulikotoka. Katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye Gécamines, kampuni ndiyo iliyoshughulikia maji, umeme na takataka. Mtoto alikua, akasoma na kutibiwa bila kuona faktire (bili) hata moja mezani kwa baba yake. Maelfu ya wafanyakazi walipoacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003, familia nyingi zilibaki mjini na nyumba zao, lakini aliyekuwa akitengeneza bomba likiharibika hakuwepo tena. Mambo ambayo majirani wanajifunza leo kwenye vikao vya avenyu, wazazi wao hawakuhitaji kuyajua. Kwa hiyo mtu asione haya kuuliza.

"Komite ya avenyu ina haki gani ya kunilipisha?"

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 174, inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Komite haiwezi kukutoza kodi, hata ikiwa na muhuri na daftari la risiti. Lakini kifungu cha 37 cha Katiba hiyohiyo kinalinda uhuru wa kuungana. Majirani wakikutana, wakakubaliana kiasi, wakaandika na kutia sahihi, huo ni mchango wa mapatano, na aliyekubali amejifunga. Ndiyo sababu nasisitiza karatasi ya kikao iwe na tarehe, majina ya waliohudhuria, kiasi, muda na kazi ya pesa hiyo. Ukurasa mmoja unatosha. Bila ukurasa huo, mkibishana baadaye, kila mtu atakuwa na kikao chake kichwani.

Avenyu inayotaka kufungua akaunti benki au kutia sahihi mikataba kwa jina lake yenyewe inapaswa kwenda mbali zaidi. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inataka kanuni za chama zipitie kwa notere (mthibitishaji wa hati), na utu wa kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria. Kwa avenyu yenye bomba moja na taa tatu, mimi siwashauri kuanza na safari hiyo ndefu. Anzeni na daftari safi.

Jambo jingine huchanganywa sana. Shefu wa avenyu ni mtu wa utawala, yuko chini ya kartiye (mtaa), na kartiye iko chini ya komuni. Komite ni ya wakaaji. Shefu akiwa pia mwenyekiti wa komite na mtunza pesa, mkaaji mwenye malalamiko hana pa kuyapeleka. Shefu akae kama shahidi, na sanduku litunzwe na mtu mwingine.

"Tunajuaje kama pesa ya maji inaliwa?"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo majirani wanapoacha kusalimiana.

Mita ya maji huhesabu kwa meta za ujazo. Meta moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani bidoni 50 za lita 20. Ukisoma mita ya kwenye tangi tarehe mosi, ukaisoma tena mwisho wa mwezi, unajua bidoni ngapi zilipaswa kuuzwa. Nilifanya hesabu hiyo na yule mama palepale. Mita ilikuwa imetoka 1,212 hadi 1,254, yaani meta za ujazo 42, sawa na bidoni 2,100. Daftari lilionyesha bidoni 1,670 zilizolipwa. Bidoni 430 hazikuwa na maelezo, na avenyu nzima ilikuwa imeshamhukumu kijana anayefungua bomba asubuhi.

Nilimwomba afanye jambo moja kabla mtu yeyote hajafukuzwa: bomba likifungwa saa moja jioni, asome mita mbele ya mashahidi wawili, na saa kumi na moja asubuhi, kabla halijafunguliwa, aisome tena. Tarakimu nyekundu za mwisho wa mita ndizo zinazoonyesha lita, na watu wengi hawaziangalii kabisa.

Kwa upande wa matumizi, daftari liwe na safu ya mafuta au ya matengenezo ya sahani za umeme wa jua, safu ya klorini, safu ya malipo ya anayekaa bombani, na safu ya akiba ya pampu. Ile ya mwisho ndiyo husahauliwa. Pampu itaungua siku moja, na avenyu isiyo na akiba itarudi kisimani kwa miezi. Ukurasa wa jumla ubandikwe bombani kila mwezi, mahali ambapo mtu anausoma huku bidoni lake linajaa.

Na kanuni moja isiwe na mjadala: choo kikae angalau meta 30 kutoka chanzo cha maji ya chini ya ardhi, kama vipimo vya kimataifa vya huduma ya maji vinavyoelekeza. Nimeona parseli (kiwanja cha nyumba) ambamo mwenye nyumba alichimba choo kipya hatua kumi kutoka kisima, na komite ikanyamaza kwa sababu ni mzee wa kuheshimika. Mwambieni kwa heshima zote, lakini mwambieni. Mvua za Novemba zikianza, maji machafu hupita chini bila kuuliza mpaka wa parseli.

"Sijalipa mchango. Wanaweza kuninyima maji?"

Kifungu cha 48 cha Katiba kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Kama foraji ni ya avenyu, komite inaweza kukataa kukukopesha: lipa bidoni, chukua bidoni. Lakini kukufukuza bombani kwa sababu hukuja Salongo (kazi ya pamoja ya usafi), au kwa sababu mkeo aligombana na mke wa mwenyekiti, hiyo ni adhabu, na komite si mahakama. Na mtu yeyote wa komite asiguse bomba la REGIDESO, shirika la maji la Dola, wala waya wa SNEL, shirika la umeme, unaoingia kwako. Hiyo si kazi yake, na waya unaua.

"Kwa nini kabini yetu inaungua kila mara?"

Chukua transfoma ya kVA 630, yaani haibebi zaidi ya kilowati 630. Sahani ya umeme ya kupikia hula yapata kilowati 2. Sahani 300 zikiwashwa pamoja ni kilowati 600, na transfoma hiyo imekaribia mwisho wake, kabla hujahesabu friji, pasi na mashine za kusudia (kuunganisha) vyuma. Makala (makaa ya kupikia) yakipanda bei, kila nyumba hununua sahani, na saa kumi na mbili jioni wote wanapika bukari (ugali) kwa wakati mmoja. Kisha wapo waliojiunganisha usiku bila mkataba. Mafuta ndani ya transfoma yanachemka, vizuizi vya nyaya vinachoka, na siku moja mnasikia mlio.

Kwa hiyo kanuni ya avenyu inayofaa hapa ni ya saa. Wasudi (mafundi wa kuunganisha vyuma) na wenye mashine za kusaga wafanye kazi mchana, waiachie jioni majiko. Nimeona avenyu mbili zikikubaliana hivyo bila ugomvi, kwa sababu wasudi wenyewe waliitwa kwenye kikao tangu mwanzo.

Mkichanga kununua transfoma au kebo, msikabidhi hata faranga moja kabla ya kuwa na maandishi ya SNEL yanayosema nani anaiweka, nani anaitunza, na kama kiasi hicho kitapunguzwa kwenye faktire zenu au la. Maneno ya mdomo ya fundi aliyekuja na ngazi hayatoshi.

"Sisi ni familia sita kwenye parseli moja, kompteri (mita ya umeme) moja."

Kugawa sawa kwa sawa kunamwonea mjane mwenye taa mbili anapokaa ukuta kwa ukuta na muuza samaki mwenye friji kubwa. Wekeni kompteri ndogo kwa kila mlango mkiweza. Kama hamuwezi, hesabuni vifaa, mwandike mgao ndani ya mkataba wa kupanga. Na kwa kuwa tumegusa mkataba: sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 haimruhusu mwenye nyumba kudai garanti (amana ya mpangaji) inayozidi miezi mitatu ya kodi ya nyumba kwa nyumba ya kukaa. Wengi bado wanalipa sita.

"Komite iliuza kona ya uwanja wa watoto."

Haiwezi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Dola peke yake. Komite inatunza uwanja, haiumiliki. Aliyenunua kona hiyo amenunua maneno. Andikieni burgomesta (mkuu wa komuni), mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu bariyeri (vizuizi vya barabara) za usiku, jibu ni fupi: iwe na mlinzi mwenye ufunguo saa zote, kwa sababu mama mwenye uchungu wa kuzaa hasubiri asubuhi.

Yule mama wa Katuba alirudi na namba zake. Kwa saa kumi za usiku, bomba likiwa limefungwa, mita ilikuwa imetembea lita 100. Kwa siku nzima hiyo ni lita 240, bidoni 12, na kwa siku 30 ni bidoni 360. Walichimba wakafuata mpira wa chini ya ardhi na kukuta kiungo kilichopasuka karibu na mwembe. Zile 70 zilizobaki alizikumbuka yeye mwenyewe akiwa bado amesimama mlangoni kwangu: ni maji ya matanga mawili, ambayo avenyu ilitoa bure na hakuna aliyeyaandika. Kijana wa bomba alikuwa amekwisha kuacha kazi. Walikuwa wanaenda nyumbani kwake jioni hiyo, wazee wawili na yeye, kumwomba radhi.