Vinasaba vya nani?

Juzi ami mmoja alirudi barazani kwetu, kibandiko cha pamba kingali mkononi, akatwambia: "Homa hii wamenitoa damu, eti wapime vinasaba." Mwenziwe, karata hajaziweka chini, akadakia: "Watoto wako wa nje hao wanatafutwa!" Tulicheka sote. Lakini kwa mwaka huu ni mara ya tatu nalisikia neno hili likiharibiwa hivyo, na la leo lazima nilijibu.

Ufuatiliaji wa vinasaba, kwa maradhi yanayoletwa na mbu, ni kusoma vinasaba, yaani maandishi ya urithi, ya kirusi kilichokutwa kwenye damu ya mgonjwa au ndani ya mbu mwenyewe, kisha kuyalinganisha na ya virusi vya kwengine, ijulikane kimetokea wapi. Basi. Mgonjwa ni mwenye nyumba. Anayeulizwa habari ni mpangaji.

Kinachotupotosha ni mlango ulioingilia neno. Tumelizoea kwenye kesi za mtoto wa nani. Nasaba yenyewe tumeitoa kwa Waarabu, na Mzanzibari hahitaji kuelezwa: nenda kapose uone. Utaulizwa baba, babu, kwenu Makunduchi au Micheweni, na mama yako katokea upande gani, kabla hujapewa hata kahawa. Aliyeipachika nasaba ki- akapata kinasaba alilenga hasa, kwa sababu kirusi nacho kina ukoo. Cha kidingapopo, yaani dengue, kimeandikwa kwa herufi kama 10,700, na kinapojinakili hukosea hapa na pale. Kama kasida chuoni: mtoto mmoja akisahau nukta, na wenziwe wakanakili daftari lake, maalimu akiyakusanya madaftari anajua nani kamtazamia nani.

Sasa linaloniudhi zaidi: watu kusema "wamepima vinasaba" kwa kila kipimo cha homa. Kipimo cha kawaida hukupa jina la ugonjwa. Jina si nasaba, na jina huweza kukuhadaa. Mwaka 1870 homa ya kuvunja viungo ilipita Unguja. Wenyeji waliiita kidinga pepo, daktari James Christie, aliyekuwa akiishi hapa, akaliandika, na wapo wanaosema neno dengue limezaliwa humo. Karne moja baadaye watafiti wakayasoma tena maelezo yake, wakaona maumivu yale ya viungo yanafanana zaidi na chikungunya, homa nyengine ya mbu, ambayo jina lake ni la Kimakonde, la kujikunja, na kirusi chake kilipatikana kusini mwa Tanganyika miaka ya 1952 na 1953. Virusi hivi viwili si wa ukoo mmoja. Lakini damu ya 1870 haikuwekwa, kwa hiyo ubishi bado upo, na jina letu huenda limemwangukia asiye wake.

Linganisha na 2004. Chikungunya ilizuka Lamu, 2005 ikawa Komoro, kisha Réunion. Safari hii maandishi yalisomwa: ukoo mmoja, umepita bahari hii hii yetu. Zaidi ya hapo, kule Réunion lilionekana badiliko la herufi moja tu, lililokifanya kirusi kimuingie vyema mbu mwengine, Aedes albopictus, si yule tuliyemzoea wa makopo na vifuu vya nazi, Aedes aegypti. Kipimo cha jina kisingeliona hilo. Kingesema chikungunya tu, mwanzo mpaka mwisho.

Nikamwambia: "Ami, vyako hawana haja navyo. Watasoma vya mgeni wako, wajue kaja na nani."

Akatupa karata. "Si wangeniuliza mimi? Wiki iliyopita nilikuwa Dar."

"Hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza."

Hapo ami alikuwa na haki kuliko mimi. Pembeni ya kila chupa ya damu hutakiwa kuandikwa tarehe na alikotoka mgonjwa, na bila ya hayo herufi zote 10,700 hazisemi kirusi kilipandia boti wapi. Nimemwomba kesho arudi akawaambie.