Saa Nne Asubuhi, Jiji ni la Mstaafu

Unaweza kufanya kazi mjini miaka thelathini usiwahi kuuona mji huo saa nne asubuhi, siku ya kazi. Basi lililokuwa likikusimamisha kwa mguu mmoja kila alfajiri, saa hiyo lina viti vitupu, tena vya dirishani.

Hata hivyo, kliniki ya wazee ninakohudumu, nikimuuliza mstaafu siku zake zinapitaje, jibu la kawaida ni "nipo tu nyumbani." Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na isipotumika hupungua upesi zaidi. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli zinazouchangamsha mwili. Zikiandikwa kwenye karatasi ya daktari zinatisha, lakini kwa siku ni kama dakika 22 tu: kulifuata gazeti kwa miguu mtaa wa pili, kisha kurudi.

Mzee mmoja aliletwa na wanawe wakidhani amechanganyikiwa. Kila asubuhi hupanda basi hadi mwisho wa njia, haendi popote, anarudi. Nilimpima kumbukumbu, ikawa safi kabisa. Akaniambia dereva humuuliza ameamkaje, na muuza magazeti humtania kuhusu timu yake. Majina yao hayajui. Sikumwandikia dawa yoyote.

Kinachowarudisha wengi ndani ni mambo madogo: kukosa pa kukaa na pa kujisaidia. Mwaka 2007 Shirika hilo lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee, baada ya kuwasikiliza wazee wa miji 33, na mabenchi na vyoo vya umma vimo. Anayedharau benchi bado ana magoti mazima. Kwa hiyo ijue njia yako kwa mabenchi na vyoo vyake. Usijinyime maji kwa kuogopa haja njiani, maana uzeeni kiu hupungua hata mwili ukiwa umekauka. Vaa viatu vinavyoshika kisigino. Ukihisi kifua kubana au kizunguzungu, njoo utuone kliniki kwanza.

Yule mzee tulimpangia miadi nyingine, saa tatu asubuhi. Ameomba isogezwe hadi mchana, kwa sababu asubuhi ana basi.