Silvabedi siyo kwezi jamani

Kila ikikaribia Siku ya Ndege Wanaohama Duniani, Mei na Oktoba, tunatumiwa picha za ndege mwenye tumbo la rangi ya chungwa zimeandikwa "silvabedi wa Serengeti" (silvabedi ni ndege anayeitwa Silverbird kwa Kiingereza), tukizuum ni kwezi, tena yule yule anayedokoa makombo kwenye meza za pikiniki pale Naabi, geti la Serengeti. Na silvabedi mwenyewe wala si ndege wa kuhama kwenda Ulaya, anaishi huku huku Afrika Mashariki na majirani zake wa kaskazini, sijui hii habari ilianzia wapi.

Kwezi anang'aa bluu na wengi wana mkanda mweupe kifuani. Yupo na asiye na mkanda, mwenye macho mekundu, huyo ndo anawachanganya zaidi, sasa angalia koo: la kwezi ni la giza, la silvabedi ni chungwa tupu kuanzia hapo mpaka tumboni. Mgongo wa silvabedi ni kijivu cha fedha, mkia mrefu, urefu kama sentimita 18, dume na jike wamefanana. Mwenye madoadoa ni kinda, siyo aina mpya, usitutumie barua ya ugunduzi.

Tabia inasaidia kuliko rangi. Kwezi wanatembea chini kwa makundi, silvabedi yuko peke yake au wawili kwenye tawi la mgunga, anakodolea chini, anashuka ghafla kudaka mdudu kisha anarudi juu. Kwa hiyo ukimtafuta uwanda mtupu wa kusini mwa Serengeti utapoteza muda, nenda Seronera, katikati ya hifadhi, kwenye nyasi zenye migunga.

Sasa utaratibu wa hifadhini. Gari halitoki barabarani hata kama ndege yuko mita kumi, mwisho spidi 50 kwa saa, kushuka ni sehemu zilizoruhusiwa tu. Droni inahitaji kibali kabla ya safari, hakiombwi getini. Kuchukua ndege, yai au kiota bila kibali ni kosa, someni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Ukipigwa faini unapewa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), unalipa, unadai risiti, hakuna kumpa askari mkononi, na dereva, "mteja ndo kaniambia niingie" haijawahi kumsaidia mtu. Kumpigia sauti za ndege kwenye simu ili asogee pia tunaomba muache, hasa akiwa na makinda.

Ukituma picha, weka tarehe na eneo, na koo lionekane.